Kuchomoka Si Kuchopoka

Kila asubuhi tosta ya binti yangu hufyatuka, na kila asubuhi mimi hukunja uso. Si mlio unaoniudhi. Mlio wenyewe ni tak ya chuma tu, halafu inakuja harufu ya mkate uliobabuka pembeni. Kinachoniudhi ni kwamba kabla sijaupaka siagi huo mkate nimeshamsikia nyanya yangu kichwani, mtu aliyekufa zamani na ambaye hakuwahi kuiona tosta kwa macho yake, akiniambia: "Huo mkate haukuruka, mwanangu. Umefyatuka. Kitu kilichobanwa na springi hufyatuka." Mwanamke yuko kaburini miaka yote hii, na bado ananisahihisha nikiwa mezani na nguo ya kulalia.

Acheni niwaeleze alivyonichosha, maana nisipowaeleza nyinyi sijui nitamweleza nani. Binti yangu akisikia nimeanza, hukumbuka kazi aliyoiacha chumba cha pili.

Tulikaa Ngara, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, mwishoni mwa miaka ya sitini. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo karibu na stesheni ya reli. Kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu na kila jioni akapanda kwa miguu, na viatu vyake tuliviona vimeisha upande mmoja kwa sababu ya ule mteremko. Mama alishona nguo za watu nyumbani. Watoto tulikuwa wawili: mimi, Saida, na mdogo wangu Omari, ambaye wakati ninaousimulia alikuwa na miaka minne na hakujua kutembea. Alijua kukimbia tu.

Nyanya alikuwa mama yake Baba. Alikuja kutoka Mombasa baada ya babu kufariki, akiwa na sanduku la bati, mkeka wa kusalia na maneno. Nairobi hakuipenda. Aliiona ya baridi, ya haraka, na watu wake hawajui kuzungumza. Alichagua kiti kifupi kilichokuwa dirishani, akakigeuza kielekee barabarani, na hapo ndipo alipokaa tangu alfajiri mpaka magharibi akishona kofia za kiume kwa mkono, sindano ikiingia na kutoka, macho yake yakipanda na kushuka kati ya kitambaa na barabara. Hakuna kilichopita chini ya dirisha letu asichokiona. Alijua mke wa nani ameachana na fundi gani wa viatu, alijua mkokoteni upi una gurudumu bovu.

Sasa, ugonjwa wake ulikuwa huu. Mtu mwingine akiona kitu kimetoka mbio ghafla, husema kimetoka mbio, basi, maisha yanaendelea. Nyanya hapana. Kwake kila mwendo wa ghafla ulikuwa na neno lake, na neno hilo halikuazimwa na jirani. Kukurupuka ni kwa aliyeshtuka: mwagia maji paka aliyelala uone. Kuchomoka ni kwa kitu kilichokuwa kimetulia mahali pake, kikatoka kwa nguvu zake mwenyewe, mfano panya kutoka tunduni. Kuchupa ni kutoka juu kuja chini. Kuchurupuka ni kwa sabuni na samaki mbichi. Ndege hupuruka. Kundi la watu hutimka. Na kuchopoka, hili alilisema akiwa amenishika kifundo cha mkono na kukikaza ili nielewe, kuchopoka ni kutoka mkononi. "Pasipo mkono ulioshika," aliniambia, "hapana kuchopoka. Unasikia?" Nilikuwa nasikia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinaniumiza.

Mngekuwa nyinyi mngevumilia? Nje ya mlango wetu kulikuwa na watoto wa kila aina, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Wagujarati wa ghorofa ya juu, na sote tulizungumza Kiswahili kilichotutosha. Mpira imeruka. Paka imeruka. Mwalimu ya hesabu ameruka, hakuna masomo. Tulielewana vizuri kabisa. Siku moja nilisahau nikasema mbele yao kwamba kunguru wamepuruka, wakacheka mpaka wakakaa chini, na kuanzia siku hiyo wakaniita Mwalimu. Nikapanda ngazi nimenuna, nikamwambia Nyanya kwamba mimi nachekwa kwa sababu yake. Aliuliza waliocheka walisema kunguru wamefanya nini. Nikamwambia wao wanasema wameruka. "Maskini," alisema, akiwahurumia kwa dhati, na akarudi kwenye kofia yake.

Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba hakukuwa na jambo la dharura kwake mpaka neno lipatikane. Kuna Ijumaa moja Baba alinunua kuku sokoni, jogoo mwekundu, apate kuchinjwa kwa pilau maana wageni walikuwa wanakuja kutoka pwani. Mama aliniambia nimfunge kamba mguuni kwenye baraza ya nyuma. Nilikuwa bado na ile kamba mkononi jogoo alipoondoka. Nikakimbia hadi dirishani.

"Nyanya, kuku ameruka!"

Hakuinua hata macho. "Amerukaje?"

"Ameruka tu, ameenda!"

"Ulikuwa umemshika au alikuwa chini?"

"Nyanya, anashuka ngazi!"

"Nimekuuliza ulikuwa umemshika au alikuwa chini. Kama ulikuwa umemshika, amechopoka. Kama alikuwa chini na kitu kikamshtua, amekurupuka. Kama alijiondokea mwenyewe, amechomoka. Sasa lipi?"

Nilisimama pale natafuta jibu, jamani, kama mtu aliye mbele ya hakimu, na huku jogoo amemaliza ngazi, amepita duka la vitambaa, amevuka barabara bila kugongwa. Nilipopata kusema kwamba amechopoka, Nyanya akaweka sindano chini na kusema, "Haya, sasa twende tukamtafute." Tukamtafute wapi? Tulikula pilau tupu na kachumbari, wageni wakasifu wali kwa adabu, na Mama hakusema na mama mkwe wake mpaka kesho yake.

Hapa ndipo niwajulishe Mwikali. Alikuwa msichana wetu wa kazi, kutoka upande wa Kitui, na alikuja kwetu Omari akiwa bado anatambaa. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mkono wake mpana na baridi aliokuwekea kwenye paji la uso siku ya homa. Mimi nilimpenda. Alinisuka nywele bila kuvuta. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa kwao, na mshahara wake wote ulikuwa unapanda basi kwenda kwa mama yake na wadogo zake kuwa unga. Hilo tulilijua nyumba nzima, kwa sababu kila mwisho wa mwezi Mama alimfungia na sukari ya nyongeza.

Nyanya alimwita "huyu mwenye neno moja." Kwa Mwikali kila kitu kilikimbia. Maziwa yalikimbia kutoka sufuriani, mtoto alikimbia, mvua ilikimbia. Nyanya alikuwa akiinua mikono juu na kusema kwamba hata hilo neno lake moja ameliazima. Mwikali alicheka tu. Alimwita Nyanya "Susu", ndiyo nyanya kwa Kikamba, na jioni akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi bila kuambiwa. Kwa nini mimi nikikosea napigwa kikumbo na maneno, na Mwikali akikosea anachekwa kidogo halafu anapewa miguu akande? Niliuliza hilo. Nyanya akasema Mwikali ana lugha yake nyumbani iliyojaa tele, mimi sina nyingine. Nikaona ni uonevu mtupu.

Baba, kwa upande wake, alikuwa mpole wa kupindukia. Ukivunja sahani alikuokotea vipande. Isipokuwa barabara. Magari yalikuwa yanateremka kutoka Parklands kuelekea mjini kwa kasi, na Baba, aliyekua katika vichochoro vya Mombasa ambamo kikubwa kinachopita ni punda, aliyaogopa kwa niaba yetu sote. Sheria yake aliitamka mbele ya kila msichana aliyeanza kazi kwetu, na aliitamka pole pole: "Barabarani mkono wa mtoto hauachwi. Atakayeuachia, mzigo wake ataukuta mlangoni." Na hakuwa anatisha. Msichana aliyekuwapo kabla ya Mwikali alimwachia Omari kwenye ngazi ya chini akazungumze na mtu, hata barabara hawakuifikia, na jioni hiyohiyo aliondoka na sanduku lake. Mwikali alikuwa anaijua hadithi hiyo.

Basi ikawa Jumamosi moja, saa za alasiri, tunatoka sokoni. Mimi nilibeba kikapu kidogo cha vitunguu na dania. Mwikali alikuwa na kikapu kikubwa mkono wa kushoto, na Omari mkono wa kulia. Tulishafika karibu na nyumbani, ng'ambo ya barabara, tunangoja magari yapungue, akatokea mama mmoja mtu mzima, kitambaa kichwani, mzigo mgongoni, akamwita Mwikali kwa jina. Kumbe ni mtu wa kwao, jirani wa mama yake, ametoka huko siku hiyo.

Nataka muone alichofanya, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko nipendavyo. Msichana wa watu alilelewa kwamba mkubwa hapewi mkono hivihivi. Mkubwa anapewa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko cha huo wa kulia, na magoti yanakunjwa kidogo. Kwa hiyo aliweka kikapu chini. Akamwachia Omari. Akainama, akampa yule mama mikono yake yote miwili kwa namna hiyo, na uso wake ukafunguka kwa furaha maana alikuwa anaulizia kama mama yake amepona kifua. Ilikuwa salamu tu. Muda wa salamu.

Ng'ambo, mtoto fulani alikuwa anaendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti. Omari aliiona. Hakuna kilichomshtua, kwa hiyo hakukurupuka. Hakuna aliyekuwa amemshika, kwa hiyo hakuchopoka. Alichomoka, katikati ya gauni la Mwikali na kikapu changu. Na angalieni nilivyoharibiwa na yule bibi: gari linafunga breki, watu wanapiga kelele, mdogo wangu yuko chini, na mimi mahali fulani kichwani neno limeshajipanga lenyewe. Nilijichukia kwa hilo, na nilimchukia yeye zaidi.

Gari lilikuwa dogo, la kijivu, linaendeshwa na mzee mmoja wa Kihindi anayekaa Parklands, na bahati yetu alikuwa mwenda pole. Bampa lilimpata Omari mguuni. Yule mzee alishuka anatetemeka kuliko sisi, akatubeba wote hadi hospitali iliyo karibu na kwake, Mwikali kiti cha nyuma na mtoto mapajani, anaongea Kikamba peke yake. Kabla mlango wa gari haujafungwa nilitazama juu. Nyanya alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi. Nyanya hakuwa mtu wa kusimama. Tulitazamana, nikajua ameona kila kitu tangu salamu hadi breki.

Mguu ulikuwa umevunjika, mfupa wa chini ya goti. Walimfunga plasta, wakasema atapona, na kweli alipona, leo anacheza gofu na kuringa. Lakini siku hiyo hatukujua. Baba alikuja hospitalini mbio kutoka ofisini, tai imegeukia mgongoni, na hakusema neno na Mwikali. Hakumgombeza. Hilo ndilo lililotuogopesha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya swala ya alasiri Baba alituita sebuleni. Omari alikuwa amelazwa kwenye godoro katikati, mguu mweupe juu ya mto, anakula biskuti na kufurahia hali yake. Mama alikaa macho mekundu. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake, safari hii amekigeuza kitazame ndani. Mwikali alisimama mlango wa jikoni, na nyuma yake, chini, niliona furushi lake limeshafungwa. Alilifunga mwenyewe. Hakungoja kuambiwa.

Sikutaka Mwikali afukuzwe, wallahi sikutaka. Nilikuwa nimelia usiku kucha kwa sababu ya lile furushi na wale wadogo zake na ule unga. Nilikuwa nimejiambia nitasema kweli yote, salamu na heshima na kila kitu, na Baba ataelewa. Nilikuwa na kweli yangu imekamilika, kila neno mahali pake, kama nilivyofunzwa.

"Mwikali," Baba alisema, "ilikuwaje?"

"Mtoto alikimbia, Baba Saida."

"Alikimbiaje? Ulikuwa umemshika mkono?"

Baba naye alikuwa mtoto wa mama yake, msidhani.

Mwikali alikuwa mtu asiyejua uongo, ndiyo shida. "Mimi nilikuwa nasalimia," alianza, "nilikuwa nasalimia mama fulani ya kwetu, halafu mimi nika..."

"Nyamaza wewe," Nyanya alisema.

Wote tuligeuka.

"Kiswahili chako hakifiki huko. Utatuchanganya hapa mpaka magharibi iingie." Alisema kwa ukali, na mimi damu ilinichemka, kumtukana mtu kwa lugha siku kama hiyo. Kisha akamgeukia mwanawe, mikono imetulia mapajani bila sindano, akasema: "Mtoto alichopoka."

Hata Omari aliacha kutafuna.

"Alichopoka, Mama?"

"Alichopoka. Nilikuwa dirishani."

Mnaelewa kilichotokea? Yule mwanamke aliyemwacha jogoo avuke barabara kwa ajili ya neno hilohilo. Aliyenibana kifundo cha mkono mpaka kikawa chekundu, hapana kuchopoka pasipo mkono ulioshika, unasikia? Alikaa pale mchana kweupe na kulitamka, wala jicho halikupepesa. Na hakuna mtu duniani aliyelijua neno hilo vizuri kuliko Baba, aliyelelewa nalo tangu maziwa. Kwa Baba neno hilo lilikuwa ushahidi kamili: mtoto alikuwa ameshikwa, mkono ukazidiwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na haki, nadhani. Miaka yote nimesahihishwa, nimechekwa, nimelala bila kuku, na leo mwenye kanuni mwenyewe anaivunja mbele yangu, na mimi nimeshuhudia. Neno sahihi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Saida," Nyanya alisema, "kahawa ya baba yako inapoa."

Hakukuwa na kahawa. Hakuna aliyeipika. Lakini namna alivyonitazama nilijikuta nimesimama na kwenda jikoni, nimempita Mwikali, nikalivuka furushi lake, nikasimama mbele ya jiko lililozimwa nikiwa nimeshika birika tupu. Kutoka huko nilimsikia Baba akisema, "Basi," na kiti chake kikasogea. Mwikali aliingia jikoni, akainama, akaanza kulifungua furushi lake. Alitoa leso moja akajifuta uso kwayo, akaniuliza kama kuna vitunguu.

Nilimfuata Nyanya dirishani baadaye, jua likiwa bado lipo. Alikuwa amerudisha kiti kilivyokuwa na kofia mkononi.

"Nyanya," nilisema kwa hasira, "Omari hakuchopoka. Alichomoka."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyenifunza."

"Basi nimekufunza vizuri," alisema, na akalamba ncha ya uzi apate kuutunga.

Hivyo tu. Hakuomba radhi, hakueleza, hakunikonyeza hata kidogo nijue kwamba tuko pamoja. Na msidhani alitubu au alilegea. Jioni ileile, chai ilipochemka na kifuniko cha sufuria kikaanguka, nikasema kifuniko kimeruka, akaniuliza kutoka kule dirishani: kimerukaje? Nililia. Nililia kwa ghadhabu tupu mpaka Mama akadhani ninamlilia Omari, akanikumbatia na kuniambia kaka yako mdogo atatembea tena, usijali. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Mwikali alikaa nasi mpaka Omari alipoingia sekondari. Alijifunza cherehani kwa Mama, akaolewa, akafungua duka lake la nguo za shule. Nyanya alifariki kabla ya hapo, na Mwikali ndiye aliyemshika mkono hospitali, kwa sababu sisi wengine tulikuwa njiani. Kwenye matanga alilia kwa Kikamba, mpaka watu wa pwani waliokuja kuzika wakawa wanauliza huyu ni ndugu wa upande gani.

Mimi niliendelea kukasirika. Mnaweza kunicheka. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, na bado kitu kile kilinikaa kooni. Nilikuwa namwona Nyanya kama mtu aliyetutungia sheria wote halafu akajipa ruhusa peke yake. Na Baba nilimwonea huruma, karani mwaminifu aliyedanganywa sebuleni kwake na mama yake mzazi, na mimi nimeshika birika tupu. Nilijiona kwamba mimi ndiye niliyebaki na ukweli wa siku ile, na kwamba kumwambia itakuwa kumvunjia heshima mama yake.

Mpaka Baba alipozeeka. Omari alikuwa amejenga Kinoo, na Baba akahamia kwake, akawa anakaa barazani amejifunika blanketi mchana, maana Kinoo ni baridi. Nilimtembelea siku moja tukawa tunamsengenya Nyanya, kwa mapenzi, kama watu wanavyowasengenya wafu wao. Nikamsimulia ya jogoo, akacheka mpaka akakohoa. Na sijui kwa nini, labda kwa kuwa alicheka, nikamwambia. Nikamwambia: Baba, siku ile ya gari, Omari hakuwa ameshikwa. Mwikali alimwachia ampe mkono yule mama. Nyanya aliona, nami niliona.

Hakushtuka. Alikuwa anatafuta ncha ya blanketi.

"Najua," alisema. "Yule mzee wa gari aliniambia hospitali, kabla hata plasta haijakauka. Alisema mtoto alitoka peke yake, hakuwa mkononi mwa mtu. Na mama yangu nilimweleza usiku uleule."

"Ulijua?" Nilihisi miaka yangu yote ya hasira inanidai maelezo. "Ulijua, na Nyanya akasema alichopoka, nawe ukasema basi?"

"Saida, wewe umeishi na mama yangu. Aliwahi kukosea neno?"

"Hakuwahi."

"Hata akiwa na homa? Hata usingizini?"

"Hakuwahi, Baba."

"Sasa." Aliipata ncha ya blanketi, akaivuta mpaka kifuani. "Mimi nilikuwa nimeshaamua kumfukuza yule msichana. Nilikuwa nimeapa moyoni. Mama yangu angeniambia nimsamehe, ningekataa, na angejua nimekataa, na mimi na yeye tungeishije? Mama alikuwa ananiomba. Aliomba kwa njia ambayo mimi tu ningeisikia, na Mwikali asijue kwamba ameombewa."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimezoea kubisha juu ya jambo hilo. Nilimuuliza kama Mama naye alijua, akaniambia Mama alikuwapo pale hospitali, alisikia kama yeye. Nikafikiria lile furushi, na Mwikali akilifungua, na yeye bila shaka alijua kama alikuwa ameshika mkono au hakushika. Na Nyanya dirishani, akitunga uzi wake kama hakuna kilichotokea, anamjibu mtoto mwenye hasira mbele yake kwamba amemfunza vizuri. Mwenyewe nilikuwa najivunia kwamba katika sebule ile, ukimtoa yeye, mimi ndiye niliyejua maana ya kila neno. Kumbe wote mle ndani walielewa kilichosemwa, isipokuwa mimi.